Kugeuza Farenhaiti kuwa Selsiasi kichwani

Resipe nyingi za keki kutoka Marekani husema oveni iwe 350. Hiyo ni Farenhaiti. Kupata Selsiasi, toa 32, gawa kwa mbili, kisha ongeza sehemu ya kumi ya ulichopata: 350 inabaki 318, nusu yake 159, ongeza 16, unapata 175. Jibu halisi ni karibu 177, na keki haiharibiki kwa nyuzi mbili. Inakubali kwa sababu maji huganda kwenye 32 za Farenhaiti na sifuri ya Selsiasi, halafu kila nyuzi 9 za Farenhaiti ni 5 za Selsiasi, yaani nusu na kidogo. Hali ya hewa nayo inakubali: 86 ni kama 30.

Ila homa usiipime hivi, tafadhali. 100.4 ni 38 kamili, lakini njia hii inakupa 37.6, na mtoto mwenye homa ataonekana hana. Kariri tu: 98.6 ni 37, 100.4 ni 38, 102.2 ni 39, 104 ni 40. Na ukisikia joto limepanda kwa nyuzi 10 za Farenhaiti, usitoe 32; chukua nusu na sehemu yake ya kumi, 5.5.