Pini ya Kilengeo cha Bastola Ikilegea: Mwongozo kwa Walio Ughaibuni

Kabla ya kushika nyundo, hakikisha sheria inakuruhusu kuishika bastola yenyewe. Marekani, mwenye viza ya muda, iwe ya masomo au ya kazi, kwa kawaida amekatazwa na sheria ya shirikisho kukaa na silaha. Misamaha ipo michache, mfano kwa mwenye leseni halali ya uwindaji. Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa, ila majimbo nayo yana masharti yake. Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote za raia mwaka 1997. Kwa hiyo mwenzako mnayeishi nyumba moja akikuomba umtengenezee yake, fikiri mara mbili: sheria haiulizi nani aliinunua tu, inauliza pia imekutwa kwa nani.

Kama huna tatizo hapo, na bastola yako ni rivolva, yaani ile ya silinda inayozunguka, fungua silinda, sukuma kitoa maganda, kisha kagua matundu yote, moja baada ya jingine, kwa jicho na kwa kidole. Risasi zipeleke chumba kingine.

Sasa tafuta kilicholegea hasa, maana hapa ndipo wengi wanaporuka hatua na kukimbilia gundi. Katika rivolva nyingi, kibao cha kilengeo cha mbele, yaani bamba dogo unalolengea, hukaa kwenye mfereji juu ya mtutu, na pini nyembamba hukipenya kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Kila risasi inapotoka, mtutu hutikisika na pini iliyolegea husogea kidogo kidogo, hadi ncha yake inachomoza upande mmoja, iking'aa pale rangi ilipokwanguka. Bana kibao kwa kidole gumba na cha shahada, ukisukume mbele, nyuma na pembeni. Kibao kikitulia huku pini inatembea, ubovu uko kwenye pini au kwenye tundu la pini lililo ubavuni mwa mtutu. Pini ikitulia huku kibao kinacheza, basi tundu la kibao limepanuka au mfereji umelegea, na kubadilisha pini peke yake kunaweza kusisaidie kitu. Angalia pia kama ni pini kweli: baadhi ya rivolva hushika kibao kwa kitufe chenye springi kilicho mbele yake, nacho hubonyezwa, hakigongwi.

Usidharau mchezo mdogo. Kama kati ya vilengeo viwili kuna sentimita 15 na shabaha iko mita 15, kosa huongezeka mara mia: kibao kikihama nusu milimita, risasi inahama sentimita tano.

Pini iliyochomoza tu hurudishwa kwa panchi ya shaba, yaani kijiti cha kugongea pini, na nyundo ndogo, bastola ikiwa imelazwa juu ya kipande kinene cha mbao au plastiki chenye mfereji. Zungushia tepu sehemu za pembeni, kwa sababu panchi ikiteleza mara moja tu, mkwaruzo haufutiki. Ikibidi kuitoa, igonge kutoka upande ilikozama kuelekea upande ilikochomoza, kwa panchi nyembamba kidogo kuliko pini yenyewe. Ile ya bomba yenye mpasuko, ukishaitoa, weka mpya. Ya zamani imeshapoteza springi yake. Pini nzima unaweza kuigonga kidogo katikati ili ivimbe na kubana, au kutafuta iliyo nene kwa sehemu chache za mia za milimita. Pima kwa venia, kile kifaa cha kupimia unene, usikisie.

Gundi ya kufungia nati ina nafasi yake, ila ije mwisho. Safisha mafuta yote kwa asetoni, tia tone moja la aina dhaifu, uache saa 24. Jihadhari na asetoni kama kilengeo kina kipande cha plastiki. Gundi kali nayo usiitumie: kuiachisha huhitaji moto mwingi, na moto huo huharibu rangi ya mtutu na kuyeyusha kipande hichohicho.

Tundu likiwa limeshakuwa la mviringo wa yai, peleka kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Mpigie simu kwanza uulize anapokea vipi, na uibebe ikiwa tupu, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Ukimaliza, chora mstari mwembamba wa kalamu ya rangi kuanzia kichwa cha pini hadi kwenye chuma cha mtutu. Ukienda kiwanja cha shabaha, piga silinda moja, itoe bastola risasi zote, kisha utazame mstari. Ukikatika, rudi kwenye tundu, si kwenye chupa ya gundi.