Kutazama katuni na mtoto ili wema ubaki

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 nchini Marekani, Marie-Louise Mares na Emily Acosta waliwaonyesha watoto wa chekechea katuni ya mbwa mwenye miguu mitatu, anayekwepwa kwanza na wenzake kisha anapokelewa. Funzo lilikuwa kutomtenga aliye tofauti. Watoto wengi hawakuliona. Waliodaka kitu walisema kisa kinahusu mbwa.

Kosa liko kwenye mpangilio. Ugomvi hula sehemu kubwa ya kipindi, radhi huombwa dakika ya mwisho, na mtoto huondoka na kile alichokiona kwa muda mrefu: kejeli na kusukumana. Kwa hiyo kazi yako ni kuingia katikati.

Itazame katuni kwanza peke yako. Chagua yenye mgogoro mmoja tu, na ambayo uso wa aliyeumizwa unaonekana vizuri. Kwa umri wa miaka 4 hadi 6, wahusika watu ni bora kuliko wanyama. Jaribio moja la Toronto, la vitabu vya hadithi, lilionyesha kuwa kisa cha kugawana chenye watu kiliwafanya watoto wagawe stika zaidi, ila kisa hichohicho kikiwa na wanyama hakikusaidia. (Sungura wetu naye ajitazame, ujanja wake ndio unaopigiwa makofi.) Lugha nayo ni muhimu: katuni ya Kiingereza kwa mtoto asiyekijua humwachia vitendo bila maneno, na radhi mara nyingi ni maneno. Akili and Me na Ubongo Kids zina Kiswahili.

Simamisha mara mbili, zisizidi. Mara ya kwanza ni pale mtu anapoumizwa: "Uso wake ukoje? Anajisikiaje?" Kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi kumi. Wazazi wengi hujijibu wenyewe ikifika tatu. Mara ya pili ni pale wanapopatana, na hapo usiulize, eleza kwa sentensi mbili na uwataje watu: "Walimkwepa kwa sababu anachechemea. Ni kama yule mgeni darasani kwenu asiyejua Kiswahili vizuri." Bila daraja hilo, wema unabaki kwa mbwa.

Usiulize "umejifunza nini?" Utapewa jibu la darasani, "tuwe na adabu," na mazungumzo yamekufa. Wala usimwambie "umeona, wewe ndiye yule mkorofi." Kesho atakataa kukaa nawe.

Siku hiyohiyo mpe kitendo kidogo kinachofanana na kisa. Kama kilihusu kugawana, mpe chapati moja wagawane na mdogo wake. Anayekata awe wa mwisho kuchagua. Usimsifu kwa kelele. Mwonyeshe uso wa aliyepewa.

Yanayoharibu: wewe kucheka mtu anapoanguka, na simu inayoleta video nyingine yenyewe kabla hujasema neno, zima mpangilio huo. Kama anayeshinda naye ni dada wa kazi, mwachie swali moja tu, lile la uso.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini. Hapo zinatosha katuni mbili fupi. Rudieni ileile siku tatu au nne. Watoto hawachoki, na kila mara muulize juu ya uso wa mhusika mwingine. Siku atakayokutangulia kusema "simamisha hapo," mwachie rimoti.