Jina la asili la mtoto wa tatu: namna ya kulipatanisha na majina ya wakubwa zake

Mdogo wangu wa Masasi alijifungua mtoto wa tatu mwezi wa kumi na moja, watu wakiwa kwenye korosho, na siku ya pili akanipigia simu. "Dada, nitafutie jina la kwetu. Liwe la asili, lakini lisimtenge na wenzake." Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa Mtwara mjini, mwaka wa 17 huu, nimeandika majina ya watoto mpaka nayaota. Nikamjibu kwamba kesho atalipata. Tulilipata siku ya kumi, na akika iliyokuwa ifanyike siku ya saba ikasogezwa hadi ya 14. Njia tuliyopita ni hii, pamoja na pale tulipokwama.

Hatua ya 1: Pekua majina ya wakubwa

Chukua daftari na penseli. Simu hapana, maana ukifuta kitu kwenye simu huoni tena ulichofuta, na jina mlilolikataa jana ndilo mtakalolirudia keshokutwa. Kwa kila mtoto andika jina lake, alipewa la nani, la upande gani, na nyumbani anaitwaje. Hilo la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo lenye siri.

Kwa mdogo wangu ilitoka hivi. Mwajuma, miaka saba, jina la mama mkwe, anaitwa Bibi. Mfaume, miaka minne, jina la baba mkwe, anaitwa Mzee. Mwanamke wa kwetu hatamki jina la mkwe wake hata akikanyaga mwiba, kwa hiyo nyumba ile ina Bibi wa darasa la kwanza na Mzee asiyejua kufunga kamba za viatu, na mama mwenye nyumba hajawahi kuita mtoto wake kwa jina alilompa. Nilipomsomea daftari alicheka, kisha akanyamaza.

Basi la tatu litoke kwetu, tena liwe jina analoweza kulitamka. Shemeji ni Mmwera wa Nachingwea na sisi ni Wamakonde wa Newala. Pande zote mbili ukoo ulifuata mama, na mjomba ndiye mwenye kauli, hivyo hakuwa na la kubisha. Kama wakubwa wako wote wamebeba majina ya upande wa mama, geuza.

Hatua ya 2: Yaite yote kwa mfululizo

Simama mlangoni, ita. Mwanaidi lilikuwa jina zuri, lakini ukishasema "Mwa..." Mwajuma ameshaitika. Vivyo hivyo Sikudhani na Sikujua. Mtindo wa siku hizi wa kuwapa watoto wote herufi moja, akina Brayan, Brandon na Brenda, unapendeza kwenye keki. Darasani ni mateso.

Hatua ya 3: Yasome kama sentensi

Majina yetu mengi ni maneno aliyokuwa anaambiwa jirani, mume au wifi: Sikudhani, Mashaka, Tabu, Siwatu. Mmoja akiwa peke yake, hakuna tatizo. Lakini nimefundisha ndugu wawili, Bahati na Shida, na kila mgeni aliyeingia darasani aliwatania vilevile. Ukipenda jina la tabu, angalia kwanza mkubwa wake anaitwa nani. Tatu nalo tuliliacha, maana kila mtu angeuliza Pili yuko wapi. Shemeji alitaka Chausiku. Mtoto kazaliwa saa saba mchana.

Hatua ya 4: Nenda kwa mwenye jina

Orodha za majina za mtandaoni achana nazo. Utapata "jina la Kiafrika" lisilo na kijiji wala bibi. Piga simu kwa mzee, na iwe simu ya kuongea; ujumbe wa maandishi utajibiwa "sawa mwanangu" na hutajua kama amekubali au hana salio.

Mjomba alinipa majina mawili ya bibi yetu mzaa mama, aliyeko Kitangari. Hapo ndipo vijana wengi wanateleza. Zamani jina la kuzaliwa halikuwa la kudumu: mvulana akitoka likumbi, yaani jandoni, alirudi na jina jipya, msichana akitoka unyago hali kadhalika, na kumwita mtu mzima kwa jina lake la utotoni ilikuwa kumvunjia heshima. Kwa hiyo ukiambiwa "jina la bibi", uliza ni la kabla ya kuchezwa unyago au la baada.

Mimi sikuuliza. La kwanza nililipenda, halina mfano wake mjini, nikampelekea mdogo wangu mbio. Bahati nzuri tulimpigia bibi kumpa habari. Kimya. Kisha: "Mnataka nisikie jina hilo linapigiwa kelele uani, mtoto anafukuza kuku?" Silitaji hapa kwa heshima yake. La pili ni Somoe, ndilo alilozeeka nalo, na hilo alilitoa kwa furaha.

Bibi anafaa kuliko mama kwa sababu moja zaidi. Mama yako utaona haya kumwita kwa jina, na mtoto ataishia kuitwa Mama. Bibi mna utani naye.

Hatua ya 5: Andikisha, na hapa usiwe na haraka

Hatua hii iliwahi kunila siku nzima na nauli ya safari tatu, kwa mwanangu wa pili, mwaka 2014.

Mtoto wa Tanzania anabeba majina matatu: lake, la baba, la babu. Ina maana sehemu mbili kati ya tatu za jina lake ni zilezile za wakubwa zake, na ndugu wanapotezana hapo, hata kama la kwanza mmelichagua kwa hekima yote. Nilipofika ofisini (siitaji ni ipi) nikatamka: baba Selemani, babu Chilumba. Karani akaandika Suleiman, akaniambia ndivyo inavyotakiwa. Chilumba akaifanya Kilumba, kwa kuwa Kiswahili kina ki. Mimi nikakunja karatasi nikaweka kwenye pochi. Nilikuja kuisoma usiku, na cheti cha mkubwa kando yake: watoto wa tumbo moja, kwenye karatasi ni majirani. Kurekebisha kulitaka kiapo mbele ya wakili, na wakili alitaka chake.

Kwa hiyo usitamke, onyesha. Beba kopi ya cheti cha mkubwa, iweke mezani, sema "andika kama hapa". Mitego ninayoiona kila Januari kwenye rejista ni hii: chi na ki, l na r (maana Kimakonde hakina r, na babu akiitamka Rashidi inasikika Lashidi), Hamisi na Khamis, Abdala na Abdallah, na majina yanayoanza kwa n mbili kama Nnauye, ambayo mgeni wa huku huyaandika kwa M bila kuuliza.

Sasa, vipi kama cheti cha mkubwa ndicho chenye kosa? Tazama kitambulisho cha taifa cha baba. Kama kosa ni lilelile kwa baba na kwa mkubwa, mdogo naye aandikwe hivyohivyo. Si kosa tena, ni jina la familia. Kama baba ameandikwa tofauti, mdogo afuate kitambulisho cha baba, na cha mkubwa mkirekebishe mapema, kabla hajafika kwenye fomu za mkopo wa chuo au, Mungu apishe mbali, mirathi. Usiahirishe kwa sababu bado ni wadogo.

Kadi ya kliniki usiitumie kama kielelezo. Nesi huandika alichosikia huku mtoto mwingine analia.

Jina la dini nalo lifuate desturi ya wakubwa. Kwa mdogo wangu, jina la kwanza kwenye cheti ndilo la nyumbani. Familia moja ya Ndanda niliyoisaidia ina jina la ubatizo mbele kwa wote na la ukoo linabaki la kuitwa. Njia zote mbili ni nzuri. Kuchanganya ndiyo balaa.

Cheti cha mtoto wa chini ya miaka mitano hutolewa bila malipo kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya, na kwa sababu ni bure watu wanakichukua wanakimbilia bodaboda. Kinaandikwa kwa mkono. Kisome herufi kwa herufi, ukiwa bado umesimama mezani, hata kama foleni inaguna.

Hatua ya 6: Mpeleke kwa wajina wake

Sukari, khanga doti moja, na mtoto mwenyewe. Tulikwenda Kitangari Januari kabla shule hazijafunguliwa. Bibi alimpakata, akamwita mara mbili, kisha akamgeukia Mfaume aliyekuwa amekaa juu ya kinu: "Na wewe Mzee, shikamoo."

"Marahaba," akajibu mtoto.