Jinsi ya Kuomba Kilele cha Antaktika Kipewe Jina

Mwongozo huu ni wa kijana wa Kigoma aliyepata nafasi ya kwenda na watafiti Antaktika, akakuta kilele ambacho wenzake wanakitaja kwa namba tu. Jina huombwa, na utaratibu wake upo.

Anza na orodha ya majina inayotunzwa na SCAR, kamati ya kimataifa ya utafiti wa Antaktika. Inasomwa bure mtandaoni. Tafuta kwa latitudo na longitudo, kwani mlima mmoja huweza kuwa na majina mawili matatu ya nchi tofauti. Wala usidanganywe na majina yanayofanana. Sisi wa huku Ujiji tukisoma Kisiwa cha Livingston tunamfikiria yule mmisionari aliyekutana na Stanley mwaka 1871. Siye: jina hilo lilishazoeleka miaka ya 1820, Livingstone akiwa bado mtoto.

SCAR yenyewe haitoi majina; hukusanya yale yaliyopitishwa na kamati za nchi. Tanzania haina kamati hiyo, kwa hiyo pitisha ombi kwa kiongozi wa msafara ili lifike kwenye kamati ya nchi iliyouandaa. Uingereza wanayo tangu 1945. Marekani, New Zealand na Bulgaria nao wanazo.

Kwenye kuchagua jina ndipo wengi hukwama. Wamarekani hawapokei jina la bidhaa, la mbwa wa kukokota sleji, wala la mtu anayependekezwa kwa sababu ya undugu au urafiki. Jina la bibi yako, hata kama ndiye aliyekulipia ada, halitapita. Waingereza hupenda kuyapanga majina kwa mafungu: Kisiwa cha Alexander kimejaa majina ya watunzi wa muziki, Kisiwa cha Brabant kina ya matabibu. Fuata fungu la eneo lako. Kama halipo, tazama umbo. Kilele kilichokaa kama mtumbwi uliopinduliwa kinaweza kuombewa jina Mtumbwi, na mimi ningelitetea kwa moyo wote: ni fupi, na linatamkika vizuri kwenye redio ya upepo.

Katika ombi andika mahali kilipo, urefu, maelezo ya umbo, asili ya jina, na kwa nini jina linahitajika kwenye ramani au kazi ya utafiti. Ambatisha ramani na picha.

Likipitishwa, huingia kwenye orodha ya nchi hiyo, kisha ya SCAR. Kabla ya hapo, kwenye ripoti yako endelea kutumia namba.