Hakikisha dawa inashika jani kabla ya kuongeza kipimo

Mkulima wa kabichi Arumeru au wa vitunguu Mang'ola akiona dawa haifanyi kazi, mara nyingi huongeza kipimo. Tunaomba sana, angalia kwanza kama dawa inashika jani. Majani ya mazao haya yana nta, na maji yakitua juu ya nta hushikana yenyewe kwa yenyewe kuliko yanavyolishika jani. Hujikusanya kuwa matone, yakaporomoka. Kipimo kikubwa kitaishia kwenye udongo.

Pulizia maji matupu kwenye majani machache. Yakibaki matone ya duara, ongeza dawa ya kunatisha, ile wauza pembejeo wanaita stika. Kipimo hutofautiana, kwa hiyo soma lebo. Nyingi ni kati ya mililita 5 na 20 kwa bomba la lita 20. Jaza bomba nusu, koroga dawa ya unga pembeni kwenye ndoo, mimina, ongeza maji, na stika iwe ya mwisho ili povu lisijae. Ikizidi ni hasara vilevile: maji hutandaa mno, yakatiririka na dawa yote.

Sabuni ya unga si mbadala mzuri. Inalowesha jani lakini hainatishi, na mvua ikija huondoka pamoja na dawa. Ina magadi, ambayo huvunja nguvu ya baadhi ya viuatilifu, na ikizidi huunguza majani.

Kwenye kahawa, kuanzia Machame hadi Marangu, jambo hili ni zito zaidi. Dawa za kopa (shaba) kwa chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani haziponyi jani lililokwisha kuambukizwa. Hukaa juu kama ngao. Kutu huingilia vitundu vya chini ya jani, kwa hiyo elekeza pua ya bomba juu kutoka chini ya matawi. Umande ukauke kwanza, maana jani lenye maji huipunguza dawa na kuidondosha. Acha kupulizia pale jani linapokaribia kudondosha matone. Mvua ikinyesha kabla dawa haijakauka, sehemu kubwa itaoshwa. Majani yanayochipua baadaye hayana kinga, ndiyo maana lebo hutaka urudie.

Vaa glavu, barakoa na buti. Kesho yake geuza majani ya katikati ya mti: usipoona utando wa dawa upande wa chini, rekebisha pua au mwendo wako, si kipimo.