Ukweli kwanza, poda baadaye: kufanya filamu na waigizaji wa Kigoma

Muigizaji akizima simu katikati ya kazi, ujue alishaacha kukuamini siku kadhaa nyuma, ila wewe ndiyo unapata taarifa leo. Mimi ni msimamizi wa seti hapa Kigoma. Napanga ratiba, nashika hela ya matumizi, natafuta nani yuko wapi. Kabla ya hapo niliigiza sana, mara nyingi nikiwa dada wa kazi au mke mdogo, kwa hiyo naijua kamera mbele na nyuma. Vijana wananipigia wakiwa na skripti na kamera ya kuazima, wananiuliza waigizaji watawapata wapi. Waigizaji wapo. Mwanga wapo, Gungu wapo, Ujiji wapo, Kibirizi ndiyo usiseme. Kazi ni kukaa nao mpaka sini ya mwisho, yaani tukio la mwisho la kushutiwa, wakati mfuko wako unaujua mwenyewe.

Anza na hela, na iwe siku ileile ya kwanza mnapokutana. Kuna malipo ya kazi, kuna posho ya siku, yaani nauli na chakula, na kuna mgao filamu ikiingiza kitu. Hivi ni vitu vitatu, na ugomvi mwingi niliouamua ulizaliwa pale vilipochanganywa. Prodyuza anasema "tutakuona," muigizaji anahesabu laki, kumbe mwenzake alimaanisha bajaji na sahani ya wali maharage. Neno "tutakuona" nimelipiga marufuku kwenye seti zangu. Kama huna malipo, sema: "Dada, malipo hayapo. Nauli ipo, chakula kipo, na mgao utakuwepo filamu ikiingiza hela." Akikataa, mshukuru na utafute mwingine. Akikubali, amekubali kitu anachokijua.

Na usishangae wakongwe wakikuangalia kwa jicho la pembeni. Enzi za DVD, msambazaji wa Dar alikuwa ananunua filamu nzima na haki zake kwa mkupuo, hela ikaishia mikononi mwa aliyeipeleka. Muigizaji wa mkoani aliiona sura yake kwenye kasha la filamu sokoni, hajui iliuzwa bei gani, na hakuna aliyemwambia. Hiyo shaka yao wameipata kwa gharama.

Siku hizi ahadi imehamia YouTube, na hapo ndipo hesabu inatakiwa ifanyike mbele ya watu. Chaneli mpya haianzi kupata mgao wa matangazo mpaka iwe na wafuasi 1,000, na video zake ndefu ziwe zimetazamwa saa 4,000 ndani ya miezi 12. Kuna njia nyingine ya video fupi, lakini filamu ya saa moja na nusu si video fupi. Ili filamu hiyo peke yake ifikishe saa 4,000, inatakiwa itazamwe mwanzo hadi mwisho zaidi ya mara 2,600, na wewe unajua ni wangapi wanaitazama filamu mwanzo hadi mwisho. Wapigie hesabu hiyo wazi. Halafu waambie akaunti inayopokea hela ni ya nani, kwa jina. Nimeona kikundi kizima kikivunjika kwa sababu chaneli ilifunguliwa kwa barua pepe ya shemeji wa mwongozaji, na shemeji akahama mji.

Kuhusu mgao wenyewe, epuka neno faida. Kwenye filamu ndogo gharama haziishi mdomoni mwa prodyuza: leo betri, kesho mafuta ya jenereta, keshokutwa "bando la kupandishia video." Patana asilimia ya kilichopokelewa. Iwe ndogo, lakini iwe ya hela ambayo kila mtu anaweza kuiona ikiingia.

Mkishaelewana, andikeni. Natembea na daftari la mistari na karatasi ya kaboni, tunaandika hapohapo mgahawani, kila mtu anaondoka na nakala yake. Wanasheria wana lugha yao, mimi naandika hivi:

"Mimi, fulani, nimekubali kuigiza kama Zuhura katika filamu hii kwa siku nne, Ujiji na Katonga. Kila siku nitapewa nauli na chakula. Malipo yangu ni shilingi 60,000, nusu siku ya pili, nusu siku ya mwisho kabla ya kuondoka seti. Filamu ikiingiza hela yoyote nitapata asilimia tatu ya kilichopokelewa. Sura na sauti yangu vitatumika kwenye filamu hii na matangazo yake tu."

Ile nusu ya siku ya pili ina maana. Muigizaji ameshaonja ahadi inavyotimia, na wewe bado una nusu ya kumrudisha. Sentensi ya mwisho nayo usiifute. Kuna dada aliigiza mgonjwa anayepona, kipande kikakatwa, akajikuta anatangaza dawa ya nguvu za kiume kwenye simu za watu.

Karatasi isomwe kwa sauti, yote, hata kama mnaharakisha. Kuna wazee wanaoigiza vizuri kuliko sisi wote lakini macho yao hayaoni maandishi madogo, na hawatakwambia mbele ya vijana. Shahidi achaguliwe na muigizaji mwenyewe. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa hiyo mzazi au mlezi ndiye anayesaini, na mtu mzima wa kwao anakaa seti muda wote. Na mjue pia kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua muigizaji kuwa mwenye haki zake kwenye kazi. Hakimiliki haianzi na kuishia kwa mwenye kamera.

Skripti wape yote. Waongozaji wengine wanampa muigizaji kurasa zake tu, eti hadithi isivuje. Ivuje kwenda wapi? Kibali cha kutengeneza filamu kinaombwa Bodi ya Filamu, na skripti inaambatanishwa. Huku kwetu mlango wa kwanza wa kuuliza utaratibu ni kwa afisa utamaduni. Kama ofisi inasoma sini zote, sembuse mtu atakayesimama ndani yake? Anayejua ukurasa wa 12 tu hajui kwamba ukurasa wa 40 mhusika wake analewa na kuvuliwa mtandio barabarani.

Hapo nitakaa kidogo, maana sini za namna hiyo ndizo zinazovunja watu. Kupigwa, kushikwa, kitandani, kulewa, kuvua nguo hata kama ni koti. Zitaje moja moja siku ya kwanza, kwa maneno ya kawaida, uone mtu anasemaje. Akisema "nitaangalia," maana yake hapana. Tafuta namna nyingine ya kuishuti sini, au muigizaji mwingine, mapema.

Mara ya mwisho tulikuwa na sini ya mume kumpiga mkewe kofi. Tuliifanyia mazoezi siku moja kabla, uani, waigizaji wawili wakiwa wamekaa mkekani. Mwongozaji alitaka kofi la kweli "uso ucheze." Nikakataa. Tukaweka kamera nyuma ya bega la mume. Mkono unapita mbele ya uso wa dada, hewani, naye anageuza shingo, na mlio anautoa kijana wa sauti kwa kupiga viganja vyake. Walirudia polepole kama wanaochota maji kisimani, mpaka shingo na mkono vikaenda pamoja. Kisha tukapatana neno la kusimamisha. "Basi" halifai, wala "niache," kwa sababu yamo kwenye maneno ya sini yenyewe. Sisi tunatumia jina halisi la mwenzako. Dada akisema "Juma" badala ya jina la mhusika, kila kitu kinasimama, hata kama teki, yaani mzunguko ule wa kurekodi, ilikuwa tamu. Siku ya kushuti walibaki mwongozaji, mtu wa kamera, mtu wa sauti na mwanamke mmoja aliyemchagua dada mwenyewe. Simu zote zilikaa kwenye ndoo nje.

Kabla ya hapo nilikwenda kwao dada huyo, Ujiji. Ukimtaka binti wa mtu kwa kazi ya usiku, usimtumie ujumbe akutane nawe stendi. Nenda ukapige hodi, salimia, kaa, kunywa chai utakayopewa. Mama yake aliniuliza mambo mawili tu: "Atarudi saa ngapi, na nani atamleta?" Nikamwambia saa tatu usiku, nitamleta mimi na dereva wa bajaji wa pale msikitini anayemfahamu. Saa tatu kasoro tulikuwa mlangoni, ingawa sini moja ilibaki. Mwongozaji alininunia. Sini ilishutiwa kesho yake, na mama ndiye aliyetupa uwa wake tuweke taa.

Mambo ya chakula na muda sitayarefusha. Chakula kiwe sawa kwa staa na kwa mbeba taa. Adhana ikilia simamisha kazi. Sauti yenyewe inaingia kwenye maiki, kwa hiyo huna hasara.

Ratiba ndiyo inayohitaji akili ya hapa. Waigizaji wetu wana shughuli zao, na huku nyingi zinaishi kwa ziwa. Wavuvi wa dagaa wanatoka na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, taa haivuti kitu, wanapumzika. Kwa hiyo mwanamke anayeanika dagaa Kibirizi au Katonga ukimpangia kushuti asubuhi kipindi cha giza, unamwambia achague kati yako na mtaji wake, na atakuja kwa hasira au hatakuja. Mimi naangalia mwezi kwanza ndipo nachora kalenda. Siku za mbalamwezi waigizaji wana nafasi, mitumbwi ya kukodi iko ufukweni, na watu wa kujaza sini ya soko wanapatikana kwa soda.

Sini za majini zipange asubuhi. Kiangazi upepo wa kusi ukiamka ziwa halina mzaha, na Tanganyika si bwawa, kuna mahali kina kinapita mita 1,400. Jaketi okozi ziwe sawa na idadi ya watu, na mwigizaji avae hadi sekunde ya mwisho kabla kamera haijawaka, kisha ampe mtu aliye karibu naye mtumbwini. Swali la kuogelea muulize kila mmoja pembeni. Ukiuliza mbele ya kundi, Kigoma nzima inajua kuogelea.

Na wewe muigizaji, nawe una upande wako. Uliza hela siku ya kwanza. Kudai nyongeza siku ya mwisho, sini moja ikiwa imebaki na unajua huwezi kubadilishwa, ni utekaji, na mji huu ni mdogo, watu wanaongea. Usisuke upya katikati ya kushuti. Mhusika hawezi kuingia mlangoni na nywele za twende kilioni akatokea chumbani na rasta. Usiweke picha za seti kwenye status kabla hujaruhusiwa. Kama kuna siku hutaweza, sema jana yake, hata saa sita usiku. Mwongozaji atakasirika, lakini atapanga upya. Ukinyamaza, watu kumi wamepanda bajaji bure.

Kushuti kukiisha, video zihifadhiwe sehemu mbili, kwa watu wawili wasiolala nyumba moja. Waambie waigizaji ni nani hao. Kabla filamu haijatoka waite wakuu waitazame, hata kwenye laptopu sebuleni. Hawaji kuhariri, wanakuja kuona ulichofanya na nyuso zao. Na ambaye sini yake imekatwa, mpigie mwenyewe. Asiligundue hilo kwenye kibanda umiza akiwa amekaa na majirani aliowaalika na kuwalipia kiingilio.

Kundi la WhatsApp usilifunge filamu ikitoka. Kila mwisho wa mwezi tuma picha ya skrini ya mapato, na kama ni sifuri tuma hiyo sifuri. Hela ikiingia, tuma mgao siku hiyohiyo, hata kama ni shilingi 1,200 kwa mtu, na uache ujumbe wa muamala kwenye kundi kila mmoja auone. Watu wa hapa wanahama, wengine wanapanda treni kwenda Dar na laini wanabadilisha hukohuko, kwa hiyo siku ya kusaini andika kwenye daftari namba ya muigizaji na ya ndugu yake mmoja asiyehamahama.