Somo: Ratiba ya siku ya harusi hupangwa kurudi nyuma

Wapendwa, maharusi wengi wakikaa kuandika ratiba huanza na "saa 12 asubuhi kuamka", kisha wanashuka chini hadi usiku. Ndiyo maana ratiba nyingi hufa kabla ya saa sita mchana. Anayeanzia asubuhi hujaza vitu mpaka saa zimwishie. Anayeanzia kwenye ile saa isiyosogea hulazimika kuona mapema kwamba vitu vyake havitoshi, na bado ana nafasi ya kupunguza. Leo tupange pamoja kwa mtindo huo wa pili. Chukueni karatasi na penseli, si kalamu ya wino.

Hatua ya 1: Tafuta saa zisizosogea

Kwa kawaida ni tatu. Saa ya kufunga ndoa, kwa sababu mfungishaji ana shughuli nyingine. Saa ya kukabidhi ukumbi. Na saa ya jua kuzama, kama mnataka picha za nje.

Saa ya ukumbi ina mtego. Muulize mwenye ukumbi: hiyo saa 5 usiku iliyoandikwa kwenye mkataba ni ya muziki kuzimwa, au ni ya ukumbi kuwa mtupu, viti vimekusanywa na mapambo yameshushwa? Ikiwa ni ya pili, sherehe yako inaisha saa 4 usiku, na hesabu zako zote zinahama.

Jua nalo halifanani kila mahali. Karibu na ikweta huzama kwa saa inayokaribiana mwaka mzima, lakini hushuka wima na haraka: nyuzi 15 kwa saa, maana yake ule mwanga laini wa dhahabu hukupa kama nusu saa tu, kisha giza. Ukienda mbali na ikweta mambo ni tofauti kabisa. London, mwezi Juni jua huzama saa 3 usiku imeshapita, na Desemba huzama kabla ya saa 10 alasiri. Kwa hiyo usiazime ratiba ya rafiki aliyeolewa mwezi mwingine katika nchi nyingine. Angalia saa ya kuzama kwa jua kwa tarehe yako na mahali pako, kisha weka picha za nje kuanzia saa moja kabla yake.

Hatua ya 2: Rudi nyuma kutoka kwenye ndoa

Hapa ndipo penye kazi, tusiende mbio. Tuseme ndoa ni saa 8:00 mchana, na kutoka anapovalia bibi harusi hadi mahali pa ndoa ni mwendo wa dakika 40.

Bibi harusi awe amefika saa 7:40. Toa dakika 40 za safari na 20 za akiba: gari liondoke saa 6:40. Kabla ya kuondoka kuna picha za gauni na za wazazi, nusu saa: awe amekwisha kuvaa saa 6:10. Kuvaa kwenyewe ni nusu saa nyingine, maana kuna vifungo vya mgongoni, shela na viatu: aanze saa 5:40. Kabla ya gauni ale, dakika 20. Naomba sana mstari huu msiufute. Nimeona mabibi harusi wakitetemeka mikono wakati wa kuvishwa pete, na si woga, ni njaa tangu jana. Rangi ya mdomo ipakwe baada ya kula.

Basi nywele na mekapu viwe vimekwisha saa 5:20. Bibi harusi mpe saa mbili. Kila mpambe, na mama pia, mpe dakika 45. Wakiwa wanne, hizo ni saa tatu. Kama mpambaji ni mmoja, jumla ni saa tano, yaani aanze saa 12:20 asubuhi. Wakiwa wawili, mmoja anaanza na wapambe saa 2:20 na mwingine anaanza na bibi harusi saa 3:20, wote wanamaliza pamoja. Mmeona? Hesabu hii ndiyo inayokuambia kama unahitaji mpambaji wa pili, na inakuambia miezi mitatu kabla, wakati bado unaweza kumtafuta.

Kama ni mmoja tu, usimweke bibi harusi wa mwisho kabisa. Mweke wa pili kutoka mwisho. Kuchelewa kote kwa asubuhi humwangukia anayekaa kiti cha mwisho, na bora amwangukie mpambe.

Mwendo wa gari msiukadirie kwa mdomo. Pitieni njia ile siku ya wiki ileile na saa ileile, wiki moja au mbili kabla. Njia ya Jumanne usiku si njia ya Jumamosi mchana.

Hatua ya 3: Picha za familia

Ukiniuliza muda wa harusi unapotelea wapi, nitakujibu hapa, bila kufikiri. Kundi moja la picha linakula kama dakika 4: kuwaita, kuwapanga, kupiga, kuwaondoa. Makundi 10 ni dakika 40. Makundi 25 ni saa moja na dakika 40, na wageni wanakusubiri ukumbini.

Andika orodha ya makundi, isizidi 12. Anza na wazee na wenye watoto wadogo ili wakapumzike. Kisha mteue mtu mmoja wa kila upande anayezijua sura za ndugu, awe anaita. Mpiga picha hawezi kumjua shangazi yako. Kwenye harusi ya mdogo wangu tulisubiri dakika 25 kwa ajili ya baba mkubwa mmoja ambaye alikwishatangulia ukumbini na lifti ya mtu. Hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia abaki. Tangu siku ile, walio kwenye orodha huwa nawajulisha mmoja mmoja siku moja kabla.

Hatua ya 4: Jioni

Kati ya mwisho wa ndoa na maharusi kuingia ukumbini, pengo lisizidi saa moja na nusu, na wageni wawe na pa kukaa na cha kunywa. Hotuba zipewe majina na dakika: watu watano, dakika tano kila mmoja, na waambiwe mapema. Chakula kisiwekwe nyuma ya hotuba zote. Mgeni mwenye njaa hasikilizi.

Hatua ya 5: Nakala, na mshika saa

Ratiba kamili iwe na mtu mmoja ambaye si bwana harusi, si bibi harusi, wala si mama yao. Wengine wapewe vipande vyao tu: dereva ajue saa za gari, mpiga picha saa za picha. Kila kipande kiwe na namba ya simu ya mshika saa.

Na tafadhali, msiandike "2:00" peke yake. Mmoja atasoma saa mbili, mwingine saa nane. Andika "saa 8:00 mchana (14:00)".

Maswali ya wanachama

*Dada, asante kwa somo. Sisi ndoa na sherehe ni mahali pamoja. Bado tunahitaji akiba ya muda?*

Ndiyo, ila ihamishe. Ya safari huihitaji, weka dakika 20 baada ya mekapu na 15 baada ya picha za familia. Na hakikisha kuna chumba cha maharusi kupumzika, la sivyo wageni watawazunguka tangu mnapoinuka hadi usiku.

*Mwanangu, wageni wetu huchelewa. Nimefikiri kadi ya mwanangu iandikwe saa moja kabla. Wasemaje?*

Shikamoo mama. Saa nzima naona ni nyingi. Wale wanaojali muda, na mara nyingi ni wazee wenzako, ndio watakaoumia kwa kukaa bure. Kadi iseme "wageni wawe wameketi saa 7:30", na ndoa ianze saa 8:00 kweli.

*Je, ni vibaya kupiga picha za wawili kabla ya ndoa?*

Hilo mliamue ninyi na familia zenu. Kwa upande wa saa, linawaokolea karibu saa nzima ya alasiri, lakini mekapu itabidi ianze mapema kwa kiasi hichohicho.

*Tukichelewa saa nzima tayari, tufanyeje? Swali hili linaninyima usingizi, harusi ni mwezi ujao.*

Pole, mdogo wangu. Keti na mchumba wako leo mwandike vitu vinne vya kukatwa, kwa mpangilio, mumpe mshika saa. Mimi huanza kukata safari ya picha sehemu ya pili, kisha makundi ya marafiki (watapigwa ukumbini), kisha hotuba mbili za mwisho, kisha maingilio marefu ya kucheza. Chakula sikigusi, wala ile nusu saa ya wazazi. Karatasi hiyo mshika saa aitumie bila kuja kuwauliza.

*Na akikataa kushuka anayehutubia?*

Mwombe mshereheshaji asimame pembeni yake dakika ya nne, bila kusema neno. Ikifika ya sita, aanze kupiga makofi, ukumbi utamfuata.